Mitego Kumi na Minne, Jina Moja

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Siku mbaya tangu chai. Bi Nuru, meneja wetu, katuita mimi na Ramadhani ofisini kwake, katusimamisha kama watoto waliovunja chungu. Kasema uongozi wa chama chetu cha ushirika wa korosho umeamua. Makao makuu hapa Chikongola, Mtwara, yatabaki na mtu mmoja tu wa kompyuta, naye ataitwa Mkuu wa Kumbukumbu. Wa pili atapelekwa ghala la Newala. Uamuzi Jumatatu ijayo.

Newala! Sina ugomvi na Newala. Watu wazuri, hewa baridi. Ila Graca, mke wangu, alishaniambia siku nyingi kwamba yeye kazaliwa kando ya mto Ruvuma, na hana mpango wa kuzeekea mahali watu wanakopanga foleni ya maji. Newala maana yake ni mimi peke yangu na jiko la mafuta ya taa.

Na kubaki mimi ndiyo haki. Nani aliipokea kompyuta ya kwanza ya chama hiki, mwaka 1996? Mimi. Ilikuja kwa meli, barabara ya Dar ilikuwa imekatwa na mvua kama kawaida ya miaka ile. Tuliipokea bandarini wanaume sita, tukaibeba ndani ya blanketi kama mgonjwa. Meneja wa wakati huo aliagiza kila anayeigusa anawe mikono kwanza. Nilikuwa mpima mizani tu, darasa la saba, lakini mimi ndiye niliyethubutu kubonyeza. Nikajifunza kwa kitabu cha Kiingereza kilichokosa sura tatu za katikati. Mpaka leo mambo ya katikati yananisumbua. Ya mwanzo na ya mwisho nayajua kuliko yeyote mkoa huu.

Ramadhani ana diploma ya Dar, ana manukato, na ananiita mzee. Nina miaka thelathini na tisa!

Kuna jambo la pili. Wakulima wa Kitaya wanalalamika. Korosho zao zikipimwa asubuhi ni kilo hizi, kesho yake wakiuliza, kompyuta inasema pungufu. Anayeongoza malalamiko, kwa bahati yangu, ni Mama Veronika. Mama mkwe wangu. Bi Nuru kasema wanaoingiza uzito kwenye kompyuta za makao makuu ni watu wawili tu na wote wako mbele yake. Katuangalia kwa zamu. Mimi kaniangalia muda mrefu zaidi, sijui kwa nini. Kasema wakulima wasipopata jibu wiki hii hawaleti tena hata gunia moja, na atakayemwonyesha mkono unaopunguza kilo ndiye atakayebaki Chikongola.

Ramadhani kasema ataandaa ripoti. Ripoti! Mimi nimesema nitatega mitego.

Mkono ni wa Ramadhani. Tupo wawili, mimi siyo. Hesabu hiyo haihitaji diploma.

Jumanne, 6 Novemba

Niandike hapa kwa utulivu, maana ofisini hakuna anayesikiliza. Kitu kinachoitwa triga ni mtego. Kule kwetu bondeni tulitega panya wa mashambani: unapinda fito, unafunga kamba, unaweka kijiti cha kushikilia, unaondoka. Mtego unakaa kimya. Panya akigusa kijiti, fito inaruka, kwisha habari yake. Triga vilevile. Ni amri unayoilaza kwenye jedwali la hifadhidata. Inakaa kimya. Mtu akibadilisha uzito ulioandikwa, inafyatuka yenyewe na kuandika pembeni: ghala gani, saa ngapi, kilo za kwanza ngapi, kilo mpya ngapi. Mwizi mwenyewe hana habari.

Shida ni moja. Majedwali yapo kumi na manne, kila ghala na lake. Ndivyo nilivyoyajenga mwaka 2001 na sijutii. Kila mtu na nyumba yake. Ramadhani tangu afike anasema yote yangekuwa jedwali moja. Huyo amekulia nyumba za kupanga.

Kuandika triga kumi na nne kwa mkono ni kazi ya punda. Mimi nitaandika skripti moja, yaani mlolongo wa amri, yenye kigeu. Kigeu ni chombo chenye jina. Unatia ndani Kitaya, unatega. Unamwaga, unatia Madimba, unatega. Maneno ya amri yanabaki yaleyale. Nikamweleza Bi Nuru kwamba ni kama debe, debe haliulizi limebeba korosho za nani. Kapenda sana. Kasema, "Haya."

Nikaandika: tega triga juu ya @ghala, ndilo jina la kigeu changu. Seva, ile kompyuta kubwa inayotunza hesabu zote, ikakataa. Inataka jina la jedwali lenyewe, haitaki chombo kilichobeba jina. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Ikakataa. Nikazima, nikawasha. Ikakataa kwa sentensi ileile, hata haikujisumbua kubadilisha.

Ramadhani kapita nyuma yangu, kakohoa. Kasema, "Mzee, kigeu hakikai pale. Amri nzima ifanye maandishi, jina lishone humo ndani, halafu hayo maandishi ndiyo uyatekeleze." Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa naijaribu nione itakataaje. Kasema imekataa vizuri.

Nakumbuka miaka ya tisini kwa uchungu. Kazi ikikugomea ulikuwa unasubiri tu. Kabla ya adhuhuri jenereta la mji lingekufa, nawe ungesema, "Aa! Ilikuwa inamalizikia!" Wote wanakupa pole. Mnatoka barazani, mtu analeta korosho za kuchoma kwenye sinia, vidole vinakuwa vyeusi, habari za mpira, habari za meli itafika lini. Sasa tuna umeme wa gesi. Haukatiki. Mtu mzima huna hata pa kujificha.

Jumatano, 7 Novemba

Nimeshona. Kazi ya fundi cherehani hasa. Amri yote imekuwa maandishi, na palipo na jina la ghala nimekata, nimetia kigeu, nimeunga tena. Tabu ni alama za nukuu. Ndani ya maandishi kila alama inataka mwenzake, na mwenzake akikosekana seva inalia. Nimezipanga mpaka macho yakaona mchwa.

Halafu balaa. Kila baada ya hatua niliweka neno GO, maana kitabu changu kilisema GO ni kupumzika. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili, seva ikasema haimfahamu @ghala. Haimfahamu! Nimemtambulisha pale juu, mstari wa kwanza kabisa, wamekaa pamoja sekunde nzima!

Sikumuuliza Ramadhani. Nilisema kwa sauti, nikiutazama ukuta, kwamba kuna watu wanaweza kudhani kigeu kinavuka GO. Ukuta haukujibu, kajibu yeye. Kasema, "GO ni kuteremka melini, mzee wangu. Ulichosahau chumbani kimeondoka na meli. Ukitaka tena, tangaza upya."

Kijana huyu hajawahi kupanda ile meli. Amekuta basi. Sisi tulikuwa tunalala juu ya magunia, watu wanatapika, watu wanacheza karata, mama mmoja anawagawia wote mihogo bila kuuliza dini wala kabila, na asubuhi ukiona minazi ya Mtwara unahisi wewe ndiye uliyeigundua. Leo unalala Dar, unashuka hapa ukiwa na shati lilelile na huna hata rafiki mpya.

Nimefuta GO zote za katikati. Ni wazo langu, nilikuwa nalifikiria tangu jana.

Jambo la mwisho kabla ya kutega. Kwetu hakuna mtu anayetega bila alama. Mjomba wangu alikuwa anachanja fito mikato mitatu. Mimi nilifunga kitambaa chekundu. Mtego usio na alama, yeyote anayepita anachukua panya, nawe utasema nini? Na namfahamu Ramadhani. Ataona mitego inanasa, ataenda kwa Bi Nuru aseme "tumetega". Kwa hiyo nimetangaza kigeu cha pili, @jina, nikatia MAURICIO, nikakishona kwenye mitego yote. Kwenye jedwali la mawindo nimeongeza safu mpya inayoitwa JINA. Kila kitakachonaswa kitaandikwa na jina pembeni. Hapo hakuna wa kunidhulumu.

Saa tisa na nusu alasiri nimebonyeza. Kigeu kimezunguka maghala yote, moja baada ya jingine. Mitego kumi na minne, pumzi moja! Nimesimama. Nimepiga makofi peke yangu. Ramadhani kasema hongera, kwa sauti ya mtu anayesema pole.

Alhamisi, 8 Novemba

Wamenasa! Nimeiuliza seva swali moja tu: mawindo mangapi? Ikajibu: mia mbili na kumi na moja. Kwa jioni moja! Ramadhani ana mkono mwepesi kuliko nilivyodhani.

Sikuyafungua. Mtego hauchunguliwi-chunguliwi, harufu ya mtu inamshtua panya. Tena mawindo yanafunguliwa mbele za watu, utamu wake ndio huo. Nimemwendea Bi Nuru, nimemwomba kikao kesho saa tatu. Nimependekeza aitwe na mwakilishi wa wakulima ili haki ionekane. Kakubali. Kapiga simu Kitaya palepale. Baadaye ndipo nikakumbuka mwakilishi wa wakulima ni nani.

Nikiwa nje, Ramadhani kachukua kiti changu chenye magurudumu, kaniachia cha mbao. Mtu anayekwenda Newala aachiwe aonje magurudumu.

Jioni nimemwambia Graca aanze kuniita Mkuu wa Kumbukumbu, azoee. Kasema, "Baba Ines, wewe jana umesahau mafuta ya kula na juzi umesahau mafuta ya kula." Hiyo ni kumbukumbu ya aina nyingine.

Ijumaa, 9 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Saa tatu. Bi Nuru kakaa kwenye kompyuta. Ramadhani kulia. Mama Veronika kashuka na basi la alfajiri, kaja na kikapu cha ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na kitenge kipya, kakaa karibu na mlango. Mimi, kwa heshima, siwezi kumtazama mama mkwe usoni, na yeye hawezi kusema nami moja kwa moja. Kwa hiyo nimetoa hotuba yote nikiwa nimeelekea dirishani. Nimeeleza fito, kamba, kijiti. Nimeeleza kigeu. Nimesema kwa masikitiko kwamba kuna vijana wanaletwa na elimu yao nzuri ila mikono yao, tuseme tu, ina haraka. Ramadhani kachukua ng'oko moja kikapuni, kaanza kumenya.

Nikasema, "Mama Meneja, fungua. Soma jina."

Bi Nuru kafungua. Kashuka chini kwenye orodha, kapanda juu, kashuka tena. Kasoma: "Mauricio. Mauricio. Mauricio. Mauricio." Kauliza kama aendelee, maana za Jumatano peke yake zimebaki mia mbili na saba.

Nikageuka. Ni kweli! Jina langu kutoka juu mpaka chini, limepangwa vizuri kama askari wa gwaride.

Nimeeleza haraka. Nimesema hilo siyo jina la panya, hilo ni jina la mwenye mtego. Nimeeleza kitambaa chekundu. Nimeeleza mikato mitatu ya mjomba. Bi Nuru kanisikiliza mpaka mwisho kisha kasema taratibu, "Bwana Mauricio, mwenye mtego namjua. Namlipa mshahara. Mimi niliomba panya."

Mama Veronika akamwambia Bi Nuru aniulize, kama kwenye mtego kuna jina la mtegaji, panya yeye ameandikwa wapi? Bi Nuru akaniuliza. Nikamwomba Bi Nuru amwambie mama kwamba swali lake ni zuri.

Ramadhani kafuta vidole. Kasema kosa ni dogo. "Mzee jina kalitia wakati anatega. Likagandia humo. Jina ilitakiwa mtego uliulize wenyewe, wakati ule unafyatuka: nani kanigusa sasa hivi?" Kasema maneno ya skripti yasibadilishwe, yamekaa vizuri, yeye atatoa tu kigeu cha @jina, pale aweke swali. Dakika chache kategua mitego yangu yote, kaitega upya. Kwa skripti yangu! Bi Nuru kamsifu yeye.

Kisha Ramadhani kauliza jambo la ajabu. Kasema tuangalie saa. Mawindo yote ya Jumatano yamenaswa saa kumi kamili, na ya jana vilevile, maghala yote. Panya gani huyu mwenye miadi?

Tukasubiri. Bi Nuru kaagiza hakuna kugusa kompyuta yoyote. Tumekaa chumba kimoja mchana wote, tumekula ming'oko, tumekunywa chai. Nilikuwa sijala ming'oko ya kuchemshwa kwa maji ya chumvi kama ile tangu tulipokuwa wachumba, nilipokuwa natembea mpaka Kitaya na redio begani ili nionekane nina kazi. Mama Veronika alikuwa ananitumia sahani kupitia kwa wadogo zake Graca. Leo katumia Bi Nuru. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kwamba tumekuja kumnasa mtu.

Saa kumi. Mimi nina kikombe mkono huu, ng'oko mkono huu. Ramadhani mikono kifuani. Seva ikatoa kamlio. Bi Nuru kafungua. Kasoma.

Mauricio.

Nikanyanyua kikombe juu, wote waone! Nikanyanyua na ng'oko! Nimesema huu ni uchawi au ni Ramadhani, na kwa kuwa uchawi haujui kuandika amri za SQL, ni Ramadhani. Bi Nuru kasema twende nyumbani, turudi kesho. Mama Veronika analala kwetu. Kitanda chetu. Mimi niko sebuleni kwenye mkeka, naandika.

Jumamosi, 10 Novemba

Amepatikana.

Ramadhani kaingia ofisini asubuhi na mapema, kafungua sehemu ya seva ambako kazi za kujiendesha zinawekwa. Kakuta moja. Kila siku saa kumi jioni inazunguka majedwali yote, kila gunia jipya inalipunguza kilo moja. Mwandishi, ambaye kwa jina lake inaendeshwa: Mauricio. Mwaka: 2001.

Nilipoiona nilipata furaha, nakiri. Kama kukutana na mtu uliyesoma naye! Nilikuwa nimeisahau kabisa! Mwaka ule magunia ya katani yalikuwa mazito, na wapimaji wetu walikuwa wanapima korosho na gunia lake bila kutoa kitu. Nilikaa wiki nzima kuandika kazi ile ndogo. Ines, mwanangu, alikuwa mdogo, akitoka shule anakuja kunisubiri, analala juu ya rundo la magunia matupu, nami nabonyeza polepole nisimwamshe. Ilipofanya kazi mara ya kwanza nilimwamsha nimwonyeshe. Akasema, "Baba, namba zimetembea!" Imetembea hivyo kwa miaka sita bila kuumwa hata siku moja. Nani mwingine katika chama hiki ana kazi ya miaka sita bila kuumwa?

Nimewaambia hayo yote. Bi Nuru kasema ni habari nzuri sana, ila kuanzia msimu huu wa Oktoba uzito wa gunia unatolewa palepale kwenye mizani, agizo lilisomwa kikaoni na mimi nilikuwepo. Nakumbuka kikao. Nilikuwa nimenuna, sababu chai ilianzia upande wa Ramadhani. Kwa hiyo gunia linatolewa ghalani, kisha saa kumi linatolewa tena na mimi.

Mama Veronika kamwomba Bi Nuru amwulize mkwe wake magunia yake yeye msimu huu ni mangapi. Hesabu siwezi kuikimbia, kichwa changu kinafanya chenyewe. Arobaini na tatu. Nikaliambia dirisha: kilo arobaini na tatu. Nimemwibia mama mkwe wangu kila siku saa kumi kamili, na Jumapili nikamtumia salamu.

Bi Nuru kasema kilo zote zitarudishwa kwa kila mkulima. Ramadhani kaandika skripti ya kurudisha, kwa kigeu, ghala baada ya ghala. Kaazima skripti yangu. Nimemwambia aache jina langu juu. Kaniangalia, kauliza, "Una hakika, mzee?"

Jumapili, 11 Novemba

Kanisani. Wakulima wawili wamenisalimia kwa kushika mifuko yao, halafu wakacheka mpaka wakaegemeana. Graca kapika vizuri mno. Hiyo ni dalili mbaya.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimejitetea kwa hoja, siyo kwa machozi. Nimemkumbusha Bi Nuru maneno yake mwenyewe: atakayemwonyesha mkono unaopunguza kilo ndiye atakayebaki. Nani katega? Mimi. Mkono umeonekana? Umeonekana. Kwamba mkono wenyewe ni wa nani, hilo halikuwa kwenye masharti.

Bi Nuru kaniangalia. Kisha kacheka. Kacheka mpaka kavua miwani, kafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikadhani nimeshinda. Kasema, "Bwana Mauricio, miaka kumi na tatu uko hapa, na hakuna siku niliyochoka kukusikiliza." Kisha kasaini barua ya Newala.

Kaongeza kwamba kule kuna kompyuta mbili na kijana wa ghala anaitwa Mikaeli, na kwamba asingempeleka mtu asiyemwamini. Sijui kama alisema kunifariji. Nimeamua alisema kweli.

Nimesafisha meza yangu. Kwenye fremu ya dirisha kuna mistari ya kalamu ya risasi, urefu wa Ines: 1997, 1999, 2002. Ule wa mwisho unanifika kwapani. Ofisi hii itapakwa rangi Desemba. Nimesimama pale mpaka Ramadhani kaingia. Kaona nilichokuwa naona. Kasema atawaambia mafundi waruke hiyo fremu. Kisha kanisukumia kile kiti chenye magurudumu, kasema nichukue niende nacho. Nimekataa. Halafu nimekichukua.

Nyumbani nimemweleza Graca. Kasema nenda. Kasema ndoo mbili za plastiki ziko nyuma ya mlango.

Jumatano, 21 Novemba. Newala

Siku ya tisa. Baridi. Kiti hakitembei, sakafu ni ya udongo.

Graca kaja! Nimemkuta jana jioni mlangoni, ana godoro, ana kuku wawili, analalamikia vumbi. Nimemuuliza imekuwaje. Kasema mama yake kamwita Kitaya, kamwambia mwanaume kama huyu asiachwe peke yake na kompyuta. Nimefurahi mpaka nimebeba kuku wote wawili mwenyewe.

Kazi inakwenda. Ila kuna jambo. Jana nimeingiza magunia ya asubuhi, leo naangalia, mistari mitano imebadilika. Tuko wawili tu hapa, mimi na yule kijana, Mikaeli. Mpole, anaamka mapema, ananiita mwalimu. Kasema labda ni mimi niliyerekebisha kabla ya chakula cha mchana. Labda! Mimi siyo mtu wa kusahau nilichofanya.

Nimefungua ile skripti yangu ya kwanza. Majedwali ya kompyuta za hapa ni matatu tu, kigeu kitazunguka kabla chai haijapoa. GO za katikati hakuna. Alama za nukuu ziko mbilimbili. Na safari hii nimejifunza, jina langu sikuliweka popote. Kwenye @jina nimetia MIKAELI moja kwa moja, ili tusipoteze muda.

Kesho saa tatu nafungua mbele ya watu.